Beki Asiyepitwa na Kitu

Jumamosi ya kwanza ya Machi mwaka 1992, saa tisa na robo alasiri, mechi ya Mabibo ya Kitangari ilisimama kwa sababu wanawake thelathini na mmoja wenye ndoo za maji kichwani walishindwa kumpita beki mpya.

Kusimama kwa mechi hakukuwa jambo geni. Njia ya kutoka majini kule bondeni ilikuwapo kabla ya uwanja kuwa uwanja. Ilikata katikati, ikaingia ndani ya kumi na nane ya goli la mashariki, ikatokea penye ghala la korosho. Kwa hiyo Kitangari ilikuwa na sheria yake. Wenye maji wakifika, refa anapuliza filimbi, mwenye mpira anaukanyaga, wengine wanasogea pembeni, ndoo zinapita. Mtu aliyepanda mteremko saa mbili nzima na lita ishirini kichwani haambiwi asubiri kona ipigwe. Mchezaji mmoja tu aliwahi kupiga mpira ndoo zikiwa zinapita, zamani za mabibi, na wajukuu zake wanataniwa kwa hilo hadi leo.

Siku hiyo filimbi ilipulizwa, mpira ukakanyagwa, na ndoo hazikupita. Wa mbele alikuwa Stamili, mama wa makamo mwenye shingo iliyonyooka. Alifika hatua mbili mbele ya beki, miguu ikagoma. Hakujikwaa wala hakugonga kitu. Alikuwa anatembea ila hafiki. Aliyemfuata akasimama nyuma yake, na wa tatu vilevile, mpaka foleni ikafika kwenye duara la katikati. Stamili akajaribu kupita kushoto. Beki naye, kwa mazoea ya kazi, akasogea kushoto.

Beki huyo aliitwa Nathanaeli Lubowa, Mganda, umri miaka thelathini na moja, mrefu, mpole, mwenye miguu ya kuazimwa na twiga. Aliletwa Alhamisi na Hamudi. Huyu Hamudi alikuwa mnunuzi binafsi wa korosho, mmoja wa wale waliochipuka mambo yalipokuwa ruksa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, mashine zimefunikwa maturubai, na timu ya kiwanda ikabaki yatima; Hamudi akaichukua akaipa jina la Mabibo. Mwaka ule maduka yalijaa vitu vya nje, redio na kanda na mashati ya watu waliokufa Ulaya, naye Hamudi akaona si vibaya Kitangari ikawa na beki wa kuagiza.

Kipaji cha Nathanaeli kilikuwa hiki: kitu kilichokuja mbele yake hakikumpita. Alianza na mipira, akiwa na miaka kumi na mbili. Klabu yake ya kwanza, Jinja, haikufungwa goli msimu mzima, lakini walimwachisha kwa sababu alisimama upande wa ziwani na upepo haukuingia mjini. Akina mama walilalamika kwamba nguo hazikauki. Kampala wenzake walimpenda, ila washambuliaji wa timu yake mwenyewe walisahau kufunga, maana mazoezini hawakuwahi kuliona goli. Kisumu wadudu wa ziwani walirundikana mbele yake mpaka mwamuzi akaahirisha mechi. Mwanza alivuka reli asubuhi moja akasimama kufunga kamba za viatu. Gari moshi lilimsubiri dakika arobaini, abiria wakashuka wakala mihogo. Hakuna aliyemchukia popote. Walimpa tu mkono na kumtakia safari njema.

Basi pale Kitangari, foleni ikiwa imesimama juani, wa kumi na nne alitoka kwenye mstari. Alikuwa Somoe, binti yake Stamili. Alikuja mpaka mbele bila kuishika ndoo kwa mkono, akamtazama beki toka kwenye njumu hadi kwenye nywele.

"Kaka mgeni, hapa unalinda nini?"

"Goli, nyabo," akajibu Nathanaeli, akimwita bibie kwa adabu za kwao.

"Goli liko wapi?"

"Nyuma yangu."

"Sisi tumekuja na mpira?"

Nathanaeli akazitazama ndoo moja moja. "Hapana."

"Basi geuka, watu tuna vyungu jikoni."

Akageuka. Akalitazama goli lake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mechi ikiendelea. Kumbe zuio lilikuwa la mbele tu. Aliyekuwa mgongoni kwake alipita bila shida. Ndoo thelathini na moja zikampita, moja baada ya nyingine, na ya Somoe ilipofika ikamwaga tone moja kwenye shingo yake. Lilikuwa la baridi. Nathanaeli alisimama pale mpaka refa alipompigia filimbi mara ya pili, na moyoni alijua kwamba angependa kupitwa tena.

Mechi iliisha bila kwa bila.

Aprili, Nathanaeli aliomba kumsindikiza Somoe majini. Walitoka alfajiri na wenzake, wakafika ukingoni pale njia inapoanza kushuka. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni kama ilivyo kawaida ya miezi hiyo, upite juu ya kijiji uende zake, jua likichomoza usiwepo. Ukamkuta Nathanaeli amesimama. Haukumpita. Ukajazana mbele yake, wa nyuma ukausukuma wa mbele, ukawa mzito kama uji wa mgonjwa, halafu ukaanza kudondoka. Mwanakombo, mwanamke asiyependa kupoteza muda, alitua ndoo yake akaisogeza palipokuwa panadondoka. Jua lilipotoka ndoo zote zilikuwa zimejaa na hapakuwa na mtu aliyeshuka bondeni.

"Yana harufu ya dawa ya kuchulia misuli," alisema Mwanakombo alipoyaonja. Hilo ndilo lalamiko pekee lililosikika.

Kuanzia siku hiyo Nathanaeli alisimama ukingoni kila alfajiri, mikono ameitanua kidogo, akipiga soga. Kitangari ikapata raha ambayo haikuwa imeizoea, na ikaizoea upesi. Stamili alilala hadi jua linapanda, mara ya kwanza tangu atoke unyagoni. Rose wa jirani alijifunza baiskeli na kuwakanyaga kuku wawili. Watu walioga asubuhi, wakaoga na jioni bila sababu. Agatha, mke wa katekista, alifua mapazia, akayaona maua ambayo hakujua kama yamo. Jumatano alasiri wanawake walicheza ngoma ya sindimba penye ghala, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kufanya saa hizo, na kicheko chao kilifika barabarani. Watani wa Masasi waliozoea kusema kwamba Mmakonde akikukaribisha hukupa chakula, maji ukayaombe kwenu, wakaja wakapewa maji ya kunywa na ya kunawa miguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee, na safari hiyo walimaanisha kila neno.

Mwezi Juni Nathanaeli alipeleka posa. Alimtuma Hamudi, ambaye alijua kusema, kwa mjomba wa Somoe, maana huko ndiko neno la binti linakoamuliwa. Mjomba aliitwa Dadi, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache na spana nyingi. Aliisikiliza posa yote huku akiziba pancha.

"Kijana ni mzuri," akasema. "Maji yake nayaoga. Lakini mume kwetu anakuja kuishi kwa wakwe. Akikutana na mama mkwe njiani, anatoka njiani, mama anapita. Neno la mjomba linampita. Watoto wa ukoo wanampita. Huyu hapitwi na kitu. Sasa tutaishi naye vipi, sote tuwe foleni?"

"Si anageuka akiambiwa?" Hamudi alijitetea.

"Kugeuka kwa kuambiwa hata mbuzi anageuka." Dadi akachovya mpira kwenye bakuli la maji, akatafuta mapovu. "Nikimwona siku moja amepitwa na kitu alichokuwa anataka kisimpite, na amekubali mwenyewe, hapo aje. Sina neno jingine."

Nathanaeli aliletewa jibu hilo, na liliuma. Alimpenda Somoe mpaka akawa anasahau kula. Somoe naye alimpenda, wala hakuficha, alimwambia, "Mjomba hajakukataa. Amekupa kazi." Halafu akamwachia andazi.

Agosti akaja ofisa wa maji aitwaye Ladislaus, na pikipiki na fomu. Ilikuwa imesemwa kwamba mashine mpya ya kusukuma maji iko juu ya lori Masasi na itafungwa Kitangari, kwani ile ya zamani ilinyamaza miaka tisa iliyopita. Kazi ya Ladislaus ilikuwa kuthibitisha kwamba maji hayapo. Alifika alfajiri, mtu mwangalifu, akapelekwa ukingoni, akaona ndoo zinajaa.

Fomu ilikuwa na visanduku vya kisima, bomba, mto na bwawa. Ladislaus hakutaka kusema uongo. Akashuka hadi kwenye mstari wa *Kinginecho* akaandika: *Beki, mmoja.* Penye hali ya chanzo akaandika: *Nzuri.* Akampigia Nathanaeli namba ndogo ya bati kifuani, kwa pini, kama inavyoagizwa kwa vyanzo vyote.

"Na ukungu ukiisha?" Somoe akauliza. "Ukungu una miezi yake, baba. Septemba haupo."

Ladislaus aliigeuza fomu, akaitazama na nyuma. "Hapa hawajaweka sehemu ya kuuliza hilo, dada."

Kwa kuwa Kitangari ilikuwa imekwisha kuhudumiwa, lori halikupanda. Mashine ilipelekwa kijijini alikozaliwa mkubwa fulani, kijiji chenye mto na daraja lake.

Septemba ukungu ukaisha. Wanawake wakachukua ndoo wakarudi bondeni, saa mbili kushuka na mbili kupanda, na sindimba ya Jumatano ikakoma. Nathanaeli alisimama ukingoni siku nne bure, mbele yake anga tupu, akaona haya. Siku ya tano alitafuta ndoo akashuka pamoja nao. Wanaume walimcheka wiki nzima kumwona beki na kata ya majani kichwani. Wiki ya pili walichoka, maana hakuwajibu.

Ndipo ikaja fainali ya mkoa, Oktoba, Mabibo na timu ya Masasi, uwanja wa Kitangari. Na ndipo Hamudi alipokuja mbio na habari. Klabu kubwa ya mjini imemtuma mtu kumtazama Nathanaeli. Mkataba amekuja nao mfukoni, wino tu haujatiwa.

"Hataki ufunge," Hamudi alisema, macho yakimtoka kwa furaha. "Anataka kuona umemaliza mashindano hujapitwa. Bila kwa bila inatosha. Usipitwe tu, ndugu yangu, jioni uko safarini Dar es Salaam."

Nathanaeli alikaa chini. Tangu Jinja, katika kila mji uliompa mkono wa kwaheri, alikuwa akiota uwanja wenye majani, taa, na watu elfu hamsini wanaomwita kwa jina. Aliutaka uwanja ule kwa moyo wake wote. Miguu ya miaka thelathini na moja haingepewa nafasi nyingine, na yeye alijua.

Refa wa fainali alitoka mbali. Kabla ya mechi wazee walimweleza habari ya ndoo. "Sheria za mpira ni kumi na saba," akasema, "nimezisoma zote, hamna ndoo."

Masasi walikuwa na mshambuliaji hatari, Alfredi wa Lupaso, kijana mwenye mbio na mdomo. Alimjia Nathanaeli mara kumi na sita na mara zote aliishia hatua mbili mbele yake, anakimbia pale pale. Mara ya kumi na saba aliomba maji. "Hakuna," aliambiwa. "Yako njiani."

Dakika ya themanini na tatu yakafika. Wanawake walitokea kwenye kona ya uwanja, Stamili mbele, wakaingia uwanjani kama walivyoingia siku zote. Filimbi haikulia. Wachezaji wa Mabibo walisogea, wa Masasi wakabaki, na Alfredi, mpira mguuni, akajipanga nyuma ya mstari. Foleni ikafika kwa Nathanaeli ikagota.

Jua lilikuwa kali. Nathanaeli aliiona shingo ya Stamili ikitetemeka. Alimwona Mwanakombo amefumba macho. Kando ya uwanja, kwenye kiti pekee, alimwona mgeni wa mjini ameinama mbele, kalamu mkononi. Halafu akamwona Somoe, wa kumi na nne kama kawaida yake. Somoe hakusema geuka. Alikuwa amekwisha kumwambia mara moja, mwezi Machi, na hakuwa mtu wa kurudia. Alimtazama tu, na machoni hakumlaumu, hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Beki, simama hapo hapo!" Hamudi alipiga kelele, sauti imepasuka. "Dakika saba!"

Nathanaeli akatoka njiani hatua moja, kama anavyotoka mkwe, akawapa uwanja mgongo wake.

Stamili akapita. Hakumtazama, maana mama mkwe hamtazami mkwewe, lakini pumzi aliyoishusha ilisikika. Ndoo zikafuata, zote thelathini na moja. Wa mwisho akapita Alfredi, na mpira wake, polepole, kwa adabu ya mtu aliyepanga foleni akafikiwa. Kipa Marko angeweza kuudaka. Mikono yake lakini ilikuwa imeshika ndoo ya Mwanakombo iliyoyumba, na Marko alikuwa mtoto wa Kitangari, alijua kipi kikimwagika hakizoleki. Mpira ukaingia golini, ukatulia kwenye kona ya wavu.

Moja bila. Ndilo goli pekee lililompita Nathanaeli Lubowa katika maisha yake ya mpira, toka Jinja mpaka mwisho.

Mgeni wa mjini alifunga kalamu, akakunja mkataba, akaomba aelekezwe kituo cha basi. Hamudi alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake nzuri. Dadi aliingia toka upande wa ghala, spana mkononi, akatembea mpaka kwa Nathanaeli aliyekuwa bado amelitazama goli, machozi yanamtoka.

"Nimekuona," alisema Dadi. "Umepitwa. Karibu nyumbani, mkwe wangu."

Stamili alisikia. Akatua ndoo. Kwa kuwa yeye mwenyewe hakuruhusiwa kumkaribia, alichota maji kwa kikombe akampa Mwanakombo, na Mwanakombo akammwagia Nathanaeli kichwani, yote, mpaka tone la mwisho. Huko juu maji hayamwagwi. Mtoto akimwaga huchapwa. Watu walipoona maji yamemwagwa kwa makusudi na Stamili, walielewa ukubwa wa jambo, wakapiga vigelegele vilivyosikika hadi kijiji cha Chilangala. Ndoo za pili na tatu zikatuliwa. Somoe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaja akamfuta uso kwa kanga.

Hakuna aliyekumbuka kwamba wamefungwa. Masasi waliopewa kombe walilikuta limejaa pombe ya mabibo, na wao wakiwa watani hawakuweza kukiacha chakula cha harusi kikawapita. Walikaa siku tatu. Alfredi alidai jogoo mzima peke yake, kama mtu pekee duniani aliyempita bwana harusi, akapewa; na mpaka sasa kila mwaka hupanda toka Lupaso kuja kudai mwingine. Hamudi naye alisimama siku ya pili, akapangusa suruali, akaingia kwenye sindimba. Alikuwa hajui kuicheza na aliicheza mpaka alfajiri.

Nathanaeli aliichezea Mabibo miaka saba mingine. Mpira haukumpita tena. Ndoo zilimpita zote, na alikuwa anageuka kabla ya filimbi. Yeye na Somoe walipata watoto watatu, ambao walimpita kila saa, wakikimbia. Aprili hadi Agosti alisimama ukingoni, na Kitangari ikaoga. Miezi mingine walishuka.

Septemba mwaka 1999 alikuja ofisa mwingine, Anjelina, msichana mpole mwenye fomu mpya iliyopigwa chapa kwa kompyuta. Alimkuta Somoe barazani anabangua korosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Anjelina aliomba maji ya kunywa. Somoe aliingia ndani akatoka na nusu kikombe, akaomba radhi kwa ile nusu nyingine. Anjelina akanywa, akashukuru, akafungua fomu. Safari hii neno beki lilikuwa na kisanduku chake, kimechapwa, baina ya bomba na mto.

"Nimekuja kukagua chanzo cha maji cha hapa, mama. Namba mia nne na saba. Kiko wapi?"

Somoe aliangalia jua, kisha njia ya bondeni.

"Kimekwenda kuchota maji."

"Kitarudi lini?"

"Adhuhuri, kama bondeni hakuna foleni."

Anjelina aliitazama saa yake. Alikuwa na vijiji vingine vinne siku ile. Akauliza kama chanzo kina hitilafu yoyote, Somoe akasema goti la kushoto linauma wakati wa kupanda. Anjelina akatafuta mahali pa goti, hakupaona, akaandika kwamba kinafanya kazi.